Kila Neno na Ukoo Wake

Ndugu wasomaji wa Visiwani, wengi wenu mmekula mchele wa Kyela. Ukipanda kutoka bonde hilo kuelekea Mbeya mjini, barabara hukupitisha Tukuyu, makao ya Wilaya ya Rungwe, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mashamba ya chai yamevaa vilima na migomba imefika hadi ukutani mwa nyumba. Ni katika wilaya hiyo, miaka michache iliyopita, nikiwa katika ziara ya kazi za Chama, nilipoketi nyuma ya darasa la skuli moja ya msingi kusikiliza somo la Kiingereza.

Mwalimu aliandika maneno ubaoni, akayatafsiri, na watoto wakaitikia kwa pamoja. "Hand" ni mkono. "Arm" ni mkono. "Foot" ni mguu. "Leg" ni mguu. Mtoto mmoja akauliza: ikiwa yote mawili ni mkono, hilo la pili ni la nini? Akaambiwa aketi.

Swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe. Maneno hayaishi peke yake. Huishi kwa ukoo. Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli twajua kwamba kitabu, katibu, maktaba na mkataba ni watoto wa shina moja. Kiingereza nacho kina koo zake, lakini aghalabu ndugu hawafanani kwa sura. Kwetu mlima na kilima hujitambulisha kwa silabi moja tu, bali "mountain" na "hill" hayana hata dalili ya udugu. Tena Kiswahili husema "nimeazima kalamu" na "niazime kalamu" kwa neno lile lile. Basi si ajabu mtoto akitumia "borrow" pale palipotaka "lend", akachekwa bure.

Mtoto wa Rungwe anaijua ndizi kuliko mwandishi wa kitabu chake. Anajua mgomba, mkungu, chane, na ndizi moja moja. Mwingereza huuita mgomba na tunda lake kwa jina moja, lakini chane huiita "hand", na ndizi moja iliyomo huiita "finger", yaani kidole. Lau mwalimu angalitoka hatua ishirini nje ya darasa akakata chane moja, yule mtoto angaliona kwa macho yake kwamba "hand" ni pale penye vidole, na "arm" ni kutoka bega hadi kifundo. Kisha angaliambiwa kwamba mpunga, mchele na wali vyote kwa Kiingereza ni "rice" tu, akatambua kwamba umaskini wa maneno hauko upande wake daima. Naye ameanza na Kinyakyusa nyumbani. Kiingereza ni lugha yake ya tatu.

Madhara huonekana sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Huku Visiwani sera ya elimu ya mwaka 2006 ililileta jambo hilo mapema zaidi, katika hisabati na sayansi, tangu darasa la tano. Karatasi ya mtihani humwamuru mwanafunzi "mention", au "define", au "explain", au "discuss": taja, fasili, eleza, jadili. Kijana anayejua barabara jinsi lava ilivyojenga Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, akitaja pale alipotakiwa kueleza, hupoteza alama, na mzazi huambiwa mwanawe ni mzito.

Zipo skuli, Bara na Visiwani, zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili katika somo la Kiingereza. Nia yaweza kuwa njema. Mimi naona ni kumfunga mwalimu mdomo. Tofauti ya "borrow" na "lend" ataielezaje kwa lugha ambayo mtoto bado hajaijua? Maafisa elimu waiondoe adhabu hiyo, na wizara zetu mbili ziagize kwamba maneno ya ukoo mmoja yafundishwe pamoja, tofauti zake zikielezwa kwa Kiswahili. Waangalie pia vifaa. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ilitolewa na TUKI tangu mwaka 1996. Katika darasa lile haikuwako hata nakala moja.