Robo ya Kituo cha Mwezi Haimpi Mtu Tabia

Unajimu wa Kivedi, uliokulia India, huigawa njia ya mwezi angani katika vituo 27 viitwavyo nakshatra. Kila kituo kina upana wa digrii 13 na dakika 20, nacho hukatwa katika robo nne za digrii 3 na dakika 20. Robo hiyo ndiyo pada. Pada zote ni 108, na mwezi hukaa katika kila moja kwa saa sita hivi. Wanajimu hufundisha kwamba pada ambamo mwezi ulikuwamo mtoto alipozaliwa ndiyo inayompa tabia: huyu awe mkali, yule mpole, mwingine mbahili, mwingine mfujaji. Mafundisho hayo si ya kweli, na yanapata wafuasi wengi kwa sababu yamevikwa hesabu. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa liko pale hesabu ya anga inapogeuzwa kuwa hukumu juu ya nafsi ya mtu.

Kituo cha Krittika kinaonyesha vizuri jinsi tabia hizo zinavyogawiwa. Ni kile kikundi cha nyota ambacho Waswahili hukiita Kilimia na Waarabu Thuraya. Robo yake ya kwanza imo katika buruji ya Punda, na tatu zilizobaki zimo katika buruji ya Ng'ombe. Kisha kila robo hupewa buruji ya pili: ya kwanza Mshale, ya pili Mbuzi, ya tatu Ndoo, ya nne Samaki. Kutokana na hapo, aliyezaliwa robo ya kwanza huambiwa ni jasiri na mkarimu, wa pili mchapakazi anayependa mali, wa tatu mtu wa mawazo mapya, wa nne mwenye huruma. Hakuna aliyezipata sifa hizo kwa kukaa na watu na kuwachunguza. Zimechukuliwa kwenye maelezo ya buruji na kugawiwa robo kwa zamu. Na duniani huzaliwa watoto wapatao 90,000 katika kila saa sita. Wote hao, wa mjini na wa shamba, wenye shibe na wenye njaa, wanapewa tabia moja.

Historia ya mgawanyo huu inajulikana. Maandiko ya kale ya Kivedi yalitumia vituo vya mwezi kupanga siku za ibada, wala hayakuwa na buruji 12. Buruji zilianzia Babeli, zikapita mikononi mwa Wayunani, zikafika India katika karne za kwanza baada ya Kristo. Kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Yavanajataka, kilichojengwa juu ya elimu ya Wayunani, ni ushahidi wa safari hiyo. Wanajimu wa India wakawa na vipimo viwili visivyolingana. Kituo kina dakika 800 za anga, buruji ina dakika 1,800. Kipimo kikubwa kuliko vyote kinachoingia katika viwili hivyo bila kubakiza kitu ni dakika 200, yaani digrii 3 na dakika 20. Ndipo pada inapopata kazi: vituo 27 mara nne ni 108, na buruji 12 mara tisa ni 108. Ni hesabu nzuri, na walioibuni wanastahili heshima. Lakini pada ni alama ya kupimia tu. Alama za futi kamba ya fundi cherehani hazimo ndani ya kitambaa, na hakuna mpaka wowote angani unaotenga robo ya kwanza na ya pili.

Hata idadi ya vituo haijawahi kukubaliwa na wote. India yenyewe ina orodha ya vituo 28, pale Abhijit inapohesabiwa. Waarabu wana 28, kila kimoja cha digrii 12 na dakika 51 hivi. Wachina nao wana 28, lakini vyao vina upana tofauti tofauti, vingine vyembamba sana. Mtoto mmoja, usiku mmoja, chini ya mwezi mmoja, anaangukia mahali tofauti kwa kila taifa. Na pale vituo vinapokutana, maana hazikutani. Wanajimu wa Kivedi huviweka vituo tisa, Krittika kikiwamo, katika kundi la rakshasa, yaani mashetani, na waliozaliwa humo huhesabiwa kuwa na silika ngumu. Kwa Waarabu wa kale Thuraya ilikuwa nyota ya baraka kwa sababu ya mvua zake. Katika pwani ya Afrika Mashariki, Kilimia kilikuwa dalili ya msimu wa kulima, na bado kuna methali isemayo kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Matumizi hayo ya mwisho hayana ubaya. Mkulima anayetazama Kilimia kabla ya kupanda anatumia anga kama kalenda, na nahodha wa jahazi aliyeshika njia kwa nyota alifika bandarini. Miezi ya Wahindu hupewa majina kwa kituo kilicho karibu na mwezi mpevu. Mwezi wa Kartika umetokana na Krittika, na Diwali inayosherehekewa Dar es Salaam kila mwaka hupangwa kwa kalenda hiyo. Kinachopingwa hapa ni kitu kingine kabisa, nacho ni kuigeuza kalenda kuwa cheti cha tabia.

Tanzania ina jamaa wa karibu wa imani hii, wa zamani kuliko programu za simu. Katika falaki ya pwani, inayotegemea vitabu kama kile kinachohusishwa na Abu Maashari, herufi za jina la mtu na za jina la mama yake hubadilishwa kuwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi, hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa 12. Kinachobaki ndicho nyota: Punda, Ng'ombe, Mapacha, mpaka Samaki. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, aliufanya unajimu uwe jambo la kawaida magazetini na redioni. Siku hizi programu za simu zinatoa pada ya mtu kwa dakika moja. Anayeamini njia zote mbili amejitia katika mkanganyiko usio na mlango wa kutokea, maana moja inatazama saa ya kuzaliwa na nyingine inatazama jina la mtu na la mama yake. Watoto wa mama mmoja wenye majina tofauti huweza kupata nyota tofauti kwa njia ya abjadi; mtu akibadili jina, nyota nayo huweza kuhama, ingawa tabia yake ni ileile ya jana.

Saa ya kuzaliwa, ambayo pada inaitegemea, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Isongole, katika wilaya ya Ileje mkoani Songwe, inatosha kulionyesha hilo. Ni mji wa mpakani, unaofikiwa kwa barabara ya lami ya kilomita 50 hivi kutoka Mpemba. Ng'ambo ya mpaka, Chitipa nchini Malawi, saa za ukutani ziko nyuma kwa saa moja nzima. Hali ni hiyohiyo kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia. Familia zina ndugu pande zote mbili, na mama anaweza kujifungulia upande mmoja, habari ya saa ikasimuliwa kwa saa za upande wa pili. Kosa hilo la saa moja linatosha kumhamishia mtoto mmoja kati ya sita kwenye pada nyingine ya mwezi. Pada ya buruji inayochomoza mtoto anapozaliwa, ambayo wanajimu wanaithamini zaidi, hudumu kama dakika 13 tu. Kwa saa moja huruka pada nne au tano.

Liko kosa kubwa zaidi, nalo linamhusu kila mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili. Bibi akisema mjukuu alizaliwa saa 4 asubuhi, programu iliyotengenezwa ng'ambo ikaandikiwa saa 4 asubuhi, itaielewa kuwa saa 10 alfajiri. Tofauti ni saa sita, yaani karibu pada nzima. Matokeo yanayosomwa hapo si ya mtoto huyo kwa kanuni za unajimu wenyewe, na bado familia itayasoma na kuona yanamfaa. Na hiyo ni bahati ya wenye kukumbuka saa. Watu wazima wengi wa vijijini walizaliwa nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, mama akipigania uhai wake, na hakuna aliyekuwa na haja ya kutazama saa.

Wanajimu wenyewe hawajakubaliana mahali pa kuanzia kupima. Mhimili wa dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na kwa hiyo mahali pa jua siku ya usiku na mchana kulingana pamesogea kati ya nyota. Umbali wa kusogea huko huitwa ayanamsa. Serikali ya India, baada ya kamati ya kalenda iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha kutoa ripoti mwaka 1955, ilifuata kipimo kinachojulikana kwa jina la Lahiri. B. V. Raman, mmoja wa wanajimu mashuhuri wa India katika karne iliyopita, alitumia kipimo chake, kinachopishana na cha Lahiri kwa digrii 1 na dakika 27 hivi. Pada ina dakika 200, tofauti hiyo ni dakika 87. Maana yake, zaidi ya watu 4 katika kila 10 hubadili pada kwa kuhama tu kutoka kwa mnajimu mmoja kwenda kwa mwingine. Lau tabia ingeshikamana na pada, kosa la ukubwa huo lingeonekana zamani, na wafuasi wa Raman au wa Lahiri wangeachwa na wateja wao. Hawakuachwa, kwa sababu maelezo ya upande wowote humkaa mtu yeyote.

Watetezi wa imani hii hupenda kusema kwamba mwezi unaoivuta bahari hauwezi kushindwa kumvuta binadamu ambaye mwili wake umejaa maji. Wavuvi wa pwani wanajua jibu. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu huja kati ya vipindi hivyo. Kinachoamua ni mahali pa mwezi kwa jua na umbali wake kutoka duniani. Nyota zilizo nyuma ya mwezi hazihusiki kabisa, na hata hilo si ajabu: mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 hivi, lakini mwanga wa Kilimia husafiri zaidi ya miaka 400 kabla ya kutufikia. Mvuto wa bahari ni hoja dhidi ya pada.

Pacha nao wanatoa ushahidi ulio wazi. Kulwa na Doto huzaliwa kwa kupishana dakika chache, na karibu daima wako katika pada moja ya mwezi. Kama pada ndiyo inayotoa tabia, pacha wa yai moja na pacha wa mayai mawili wangefanana tabia kwa kiwango kimoja, maana wote wamegawana saa. Haiko hivyo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2015 na Tinca Polderman na wenzake, uliokusanya tafiti 2,748 zenye jozi za pacha zaidi ya milioni 14, ulionyesha tena kwamba pacha wa yai moja hufanana zaidi, na kwamba kwa wastani karibu nusu ya tofauti za watu hutokana na urithi. Nusu nyingine ni ya mazingira na malezi. Mwezi hauna fungu lake hapo.

Unajimu wa Kivedi umewahi kupimwa katika nchi yake. Mwaka 2008, mwanaelimu wa anga Jayant Narlikar na wenzake katika jimbo la Maharashtra walikusanya taarifa za kuzaliwa za watoto 200, nusu wakiwa hodari shuleni na nusu wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walipewa kila mmoja watoto 40, waseme yupi ni wa kundi lipi. Wastani wao haukufika nusu. Taasisi moja ya unajimu iliyopewa wote 200 ilipatia 102, sawa na mtu aliyerusha sarafu. Walioshindwa kutofautisha tofauti kubwa kiasi hicho hawana msingi wa kudai kwamba wanaona upole na ubahili.

Sababu ya watu kujiona katika maelezo hayo ilionyeshwa mapema zaidi. Mwaka 1948, mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametoka katika kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, walitoa wastani wa 4.26 kati ya 5.

Madhara yanaonekana wazi kwenye ndoa. Huko India, vituo vya mwezi vya wachumba hulinganishwa kwa alama 36, na zikiwa chini ya 18 wengi huivunja posa. Binti aliyezaliwa katika Mula, kituo kilicho kwenye mkia wa Nge, husemwa kuwa nuksi kwa baba mkwe. Pada zake nazo zimegawiwa maangamizi: ya kwanza kwa baba, ya pili kwa mama, ya tatu kwa mali, na ya nne tu ndiyo yenye heri. Mtoto mchanga anahukumiwa kabla hajafumbua macho, na akikua mnyonge ndani ya nyumba inayomwogopa, unyonge huo nao huhesabiwa kuwa ushahidi. Huku Tanzania, majina ya wachumba hupelekwa kwa mtaalamu ili nyota zao zipatanishwe, na wapo wanaolipa kusafishiwa nyota au kumsaka jirani anayedaiwa kuiiba. Mwezi Januari 2015 serikali ililazimika kupiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Nyota ya kwenye simu haijafika huko, lakini nayo inamzoesha mtu kumhukumu mwenzake kwa jambo asilolitenda.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili wanaooana. Kwa hiyo wazazi wa Isongole, wa Tunduma na wa kwingineko, wanapoombwa saa ya kuzaliwa ya binti yao ili posa ipimwe, wakatae kuitoa, na badala yake waulize habari za mposaji kwa watu waliofanya naye kazi na kuishi naye.