Siku ya Tatu Mpe Kiswahili

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa wazazi hapahapa Mikocheni, katika shule ya kimataifa anakosoma mwanangu wa mwisho. Mkuu wa shule akatangaza kwamba walimu wapya wanaotoka nje watakuwa na saa mbili kila wiki za kujifunza Kiswahili. Hajamaliza kusema, baba mmoja akasimama: "Silipi mamilioni ili mwalimu aje kujifunza Kiswahili. Mzungu akishajua Kiswahili, Kiingereza cha watoto wetu kwisha!" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Makofi yale ndiyo yaliyoninyima usingizi. Neno la mtu mmoja ningelimeza. Lakini ukumbi wa Watanzania waliobembelezwa kwa Kiswahili, wakaposa kwa Kiswahili, wakazika wazazi wao kwa Kiswahili, ushangilie kwamba lugha hiyo ni ugonjwa wa kumkinga mgeni asiupate? Hilo halimezeki.

Imani yenyewe imeenea kuliko ukumbi ule. Mjini hapa tunaamini kwamba mwalimu wa kigeni ameshazoea Dar akipata nyumba yenye ukuta mrefu na jenereta, dereva, dada wa kazi anayejua Kiingereza, na wenzake wa kwenda nao ufukweni Jumapili. Kiswahili tunasema asisumbuliwe nacho. Nami nasema mtu huyo hajaizoea Dar. Amehifadhiwa Dar, kama samaki kwenye friji.

Nina sababu ya kusema kwa uchungu. Mwaka juzi mwanangu, akiwa darasa la kwanza, alishikwa na maumivu ya sikio darasani. Kiingereza chake cha kuhesabu na kuimba ni kizuri, lakini maumivu hayangoji mtu achague lugha. Akamwambia mwalimu, "Sikio linanigonga." Mwalimu, kijana mpole mwenye shahada mbili, hakuelewa. Akamtaka aseme vizuri. Mtoto akarudia yaleyale huku analia. Akapelekwa kiti cha nyuma atulie kwanza. Nilipokwenda kumchukua mchana, usaha ulikuwa umeshuka hadi kwenye kola ya shati. Tangu siku ile sitaki kuhubiriwa habari za lafudhi safi. Nataka mwalimu anayelijua neno sikio.

Hoja yangu ni hiyo moja, na nitaigongomea hadi iingie: mwalimu asiyeijua lugha ya mtoto hamjui mtoto. Anaijua ile nusu iliyovaa sare. Nusu inayoogopa, inayotania, inayoumwa, inayolilia bibi yake aliyefariki Korogwe, hana habari nayo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere, aliyeishi hapo Msasani, jirani yetu kabisa, aliitumia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962. Jembe la mwalimu mgeni ni Kiswahili. Sisi mgeni anamaliza mwaka wa nne na jembe tumelificha stoo, tukidhani huo ndio ukarimu. Na kwa wanaoogopa Kiingereza kuharibika: Nyerere huyohuyo alizaliwa katika Kizanaki, akaishi katika Kiswahili, na mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ikachapishwa. Kiswahili kiliharibu nini pale?

Mkutanoni mama mmoja akaongeza kwamba mkataba wa mwalimu ni miaka miwili tu, hivyo hana muda. Hoja hiyo haina hata mguu mmoja wa kusimamia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mmisionari mwingine, Edward Steere, aliingia Unguja mwaka 1864, na kufikia 1870 alikuwa ametoa kitabu kizima cha kuwafundisha wengine lugha hii. Na tusiende mbali hivyo. Vijana wa Kimarekani wa Peace Corps wanaokuja kufundisha hesabu na sayansi katika sekondari zetu za vijijini hukaa kwanza na familia za Kitanzania wiki kadhaa wakifundishwa Kiswahili, ndipo wapangiwe vituo. Utumishi wao ni miaka miwili. Miwili ileile! Wa kijijini Njombe, kwenye baridi na maji ya ndoo, anapata muda. Wa Mikocheni, kwenye kiyoyozi, aukose?

Muuguzi wa Kitanzania akitaka kazi hospitali ya Ujerumani, atadaiwa cheti cha Kijerumani. Vijana wetu wanakikeshea Kijerumani hapa Dar kabla hawajaiona hata ndege. Hakuna Mjerumani anayesimama mkutanoni kusema tuwahurumie. Wanajua kwamba anayemhudumia mgonjwa lazima amwelewe akilia. Mtoto wa darasa la kwanza naye akilia hastahili kueleweka?

Mtaani kwetu aliishi mwalimu mmoja wa kigeni, mtu mwema sana. Mlinzi wake, mzee wa makamo, alifiwa na binti yake. Hakuwa na nauli wala ujasiri wa kuomba ruhusa kwa Kiingereza, akaendelea kufungua geti. Siku tatu mwalimu anapita na gari, anampungia mkono na kutabasamu, mzee anainamisha kichwa. Siku ya nne mimi ndiye niliyemweleza. Aliketi palepale kwenye ngazi akalia kama mtoto. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemfundisha hata neno pole. Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi mwenyewe kwa miaka mitatu nilikuwa nikimsalimia kwa Kiingereza.

Na ugonjwa huu wa kukikimbia Kiswahili una ndugu zake. Kuna shule zetu za Kiingereza ambako mtoto akiteleza akasema Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Kuna madarasa ambamo Mtanzania mwenye shahada ya ualimu huitwa msaidizi, kazi yake kufunga kamba za viatu na kutafsiri vilio, na mshahara wake hautajwi mbele za watu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuwarithisha Watanzania ujuzi wa mgeni. Ataurithisha kwa lugha gani, ikiwa chumba cha walimu kina meza mbili na zile meza mbili hazisemezani?

Dawa iko karibu kuliko duka la dawa. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili inayofundisha wageni. Kutoka Mikocheni ni kupita Mwenge tu. Saa mbili kwa wiki ni chache mno. Ziandikwe nne kwenye mkataba, na mwalimu asiyetimiza asiongezewe muda. Nasi wazazi tuache kumjibu Kiingereza kila anapojaribu "habari za asubuhi". Tukikimbilia Kiingereza, tunampokonya jembe mkononi.

Agosti walimu wapya watashuka tena uwanja wa ndege. Siku ya kwanza tuwapokee mizigo. Siku ya pili tuwapikie. Siku ya tatu tuwaketishe, tuwashike masikio yao wenyewe, tuwaambie: hili ni sikio. Mtoto akisema linagonga, mkimbize hospitali.