Vidole Vinne vya Kidatu

Wako watu, na aghalabu ni wasomi, wenye kuitakidi kwamba chombo kilicho bora hakina budi kushinda, kana kwamba mitambo husimama mbele ya kadhi mwadilifu asiyetazama uso wa mtu. Nawasihi ndugu zetu hao wafunge safari hadi Kidatu, mkoani Morogoro, wakaone reli mbili zinavyokutana zisiweze kupeana mkono.

Moja ni tawi la Reli ya Kati, upana wake milimita 1,000. Ya pili ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, milimita 1,067. Tofauti haizidi vidole vinne, walakini kwa vidole hivyo behewa halipiti, na shehena huteremshwa hapa ikapakiwa pale. Ni fundi gani aliyepiga hesabu akaona hivyo ndivyo? Hakuna. Kipimo cha mita Waingereza walikileta Mombasa mwaka 1896 kutoka Bara Hindi, walikokuwa na vyombo na mafundi wake tayari, na Wajerumani nao walijenga yao kwa mita hiyo hiyo. Hicho kingine kilipanda kutoka Kusini pamoja na tamaa za akina Cecil Rhodes, mabeberu wa Kiingereza, hata kikafika Zambia. Ian Smith, mtawala wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru wake wa dhulma Novemba 1965, njia ya shaba ya Zambia ikawa mikononi mwa hasimu. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi wakasema reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida, Wachina wakakopesha bila riba, na kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 za TAZARA, kwa kipimo hicho cha Kusini. Milima ilikuwa ile ile; waliotofautiana ni wenye mifuko.

Basi enyi vijana mnaosomea uhandisi, someni na mikataba ya mikopo kwa bidii ile ile mnayosomea michoro. Treni ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza 2017, huenda kwa dizeli. Ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza 2024, huenda kwa umeme, ilhali upana wa reli zao ni mmoja, milimita 1,435. Kabla ya kupiga makofi utepe ukikatwa, ulizeni riba ni kiasi gani, vipuri atauza nani, na njia hiyo itaungana na ya jirani yupi. Watu wa Kidatu hawakuuliziwa maswali hayo: TAZARA ilipokwisha kutandikwa walingoja zaidi ya miaka ishirini, hata 1998, ndipo kikapatikana kituo cha kuhamishia mizigo, na vile vidole vinne vingalipo.