Alama za mdogo wako zimepakiwa mtandaoni, lakini nani anazisoma?

Ikiwa umewahi kufanya kazi saiba, hata ya kibarua tu ukisubiri kujiunga na chuo, basi unamjua mteja huyu. Anaingia jioni, saa kumi na mbili na kitu, kabeba mkoba uliojaa karatasi. Anaomba mashine iliyo karibu na dirisha kwa sababu ameambiwa ndiyo yenye intaneti ya maana. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Amekuja kupakia alama za wanafunzi kwenye tovuti ya Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, na makataa ni usiku huohuo. Tovuti inazunguka tu. Wewe unataka kufunga uwahi matatu, yeye anakuomba dakika kumi zaidi.

Mimi niliifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa, Eastlands. Siku moja mwalimu wa aina hiyo akanisukumia karatasi zake na kuniambia, "Nisomee majina na alama, mimi niandike. Tutamaliza haraka." Tukaenda vizuri hadi tukamfikia mtoto mmoja ambaye nafasi yake ilikuwa tupu. Hakuwa ameifanya kazi ile. Mwalimu akanitazama, akatazama saa ukutani, akaandika 3. "Huyu ni wa 3 tu," akasema. Tukaendelea na jina lililofuata.

Ile 3 imenikaa akilini. Kwenye CBC, kazi za aina hiyo hupimwa kwa ngazi nne: 4 ni kuzidi matarajio, 3 ni kufikia matarajio, 2 ni kukaribia, na 1 ni mbali na matarajio. Kwa hivyo mtoto ambaye hakuna aliyejua anaweza nini aliandikwa kwenye mfumo wa kitaifa kwamba amefikia matarajio. Na mzazi wake angeuliza, angeambiwa mtoto yuko fiti.

Kabla hujaanza kumlaani mwalimu, hebu tuweke mambo sawa. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlifanya KCPE. Miaka minane ya shule iliamuliwa kwa siku tatu. Ukiugua malaria wiki hiyo, pole. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na sidhani kuna anayeililia sana. Kilichochukua nafasi yake kina wazo zuri: mtoto apimwe kidogo kidogo, Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, shuleni mwake, na mwalimu anayemjua. Shule inapakua kazi kutoka tovuti ya KNEC, watoto wanazifanya, mwalimu anasahihisha na kupakia alama. Kila gredi huchangia asilimia 20. Ukijumlisha ni 60, na mtihani wa KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6 huleta 40 zilizobaki.

Kwa hivyo zile nambari zinazoingizwa usiku saiba zina uzito kuliko mtihani wenyewe.

Sasa jiulize zinafanya kazi gani baada ya kupakiwa. Maana ya kufuatilia maendeleo ya mtoto ni kwamba akianza kuteleza Mei, mtu aone Mei, si Gredi ya 6. Lakini mambo yalivyo katika shule nyingi, alama zinapanda juu na hakuna kinachoshuka. Mwalimu anahisi amemaliza kazi anapobonyeza kitufe cha mwisho. Ana watoto 60 au 70 darasani, ana masomo mengine, na simu ya mwalimu mkuu inauliza kila saa: umepakia? Hakuna anayepiga simu kuuliza: na yule ambaye hajui kusoma umemfanyia nini?

Tumewahi kuona namna nyingine humu humu Kenya. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 kwa madarasa ya chini, uliwapa maafisa wa mtaala tableti. Afisa alikwenda shuleni, akaketi nyuma ya darasa kumtazama mwalimu akifundisha, kisha akawaita watoto wachache wamsomee kwa sauti. Tableti ilihesabu maneno waliyosoma sawasawa kwa dakika, na ilirekodi pia kama afisa alifika shuleni kweli au alijaza fomu akinywa chai kwake. Takwimu zilikwenda hadi makao makuu, sawa. Lakini kabla afisa hajapanda pikipiki kuondoka, aliongea na mwalimu: hawa watoto wanakwama hapa, jaribu hivi kesho. Hiyo ndiyo sehemu tuliyoiacha njiani. Tulibaki na tableti na takwimu, mazungumzo yakapotea.

Tukizungumzia tableti: serikali ilianza kusambaza vifaa hivyo katika shule za msingi za umma 2016, zaidi ya milioni 1 kwa jumla. Nyingi ziliishia stoo, zimefungwa kwa kufuli kubwa kuliko la ofisi ya mwalimu mkuu. Halafu mwalimu huyohuyo anatumia bando zake, au anakuja saiba kulipa kwa dakika, na mama yako anaambiwa atume pesa za kuchapisha karatasi za tathmini. Ukiita hiyo tathmini ya mtandaoni, ni sawa, lakini mtandao unaishia mfukoni mwa mwalimu na mzazi.

Msimamo wetu si kwamba mfumo huu utupwe. Kurudi kwa siku tatu za kufa na kupona ni upuuzi. Lakini KNEC na Wizara ya Elimu zina mambo ya kurekebisha, na si ya gharama kubwa. Tovuti iruhusu mwalimu kuandika "hakufanya" bila yeye wala shule kuonekana wamezembea, ili pengo lionekane badala ya kuzibwa kwa 3. Muda wa kupakia uongezwe, maana kila mtu akiingia usiku wa mwisho lazima mitambo ilemewe. Shule chache zichaguliwe bila taarifa, watoto wasomewe na kusikilizwa, na alama zilizopakiwa zilinganishwe na uwezo wao halisi. Na mzazi apate ujumbe kwenye simu, kwa Kiswahili cha kawaida: mtoto wako anasoma vizuri, kugawanya bado. Enzi za KCPE tulipata matokeo kwa SMS. Haiwezekani iwe vigumu leo.

Na wewe? Unaweza kudhani hii ni shida ya wazazi. Lakini tuseme ukweli, kwenye nyumba nyingi za mjini ni simu yako ndiyo imeunganishwa na kundi la WhatsApp la darasa, ni wewe unayetumwa kuchapisha, na pengine ni wewe uliyetengeneza ule mradi wa mdogo wako ukauremba hadi ukapewa 4. (Usikatae. Nimeichapisha mingi sana ya aina hiyo, na mwandiko wa mtoto wa miaka kumi ninaujua.) Kila unapofanya hivyo, wewe na mwalimu wa saiba mnaandika uongo uleule.

Jaribu hivi wiki hii. Chukua kitabu cha hadithi cha Gredi ya 2 au 3, mpe mdogo wako aliye Gredi ya 5, akusomee ukurasa mmoja. Usimsaidie. Halafu muulize hadithi inahusu nini. Dakika kumi tu. Ukikuta anakwama, nenda shuleni na mama, muombe mwalimu awaonyeshe karatasi zake za tathmini, zile zenyewe, si alama tu. Nenda kwa upole, kwa sababu mwalimu huyo huenda jana alilala saa sita akisubiri tovuti ifunguke.

Yule mtoto wa 3, kama mambo yalimwendea sawa, yuko Sekondari Msingi sasa. Alama zake za KPSEA zitamfuata hadi Gredi ya 9, ambako ni asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA yatakayoamua anasomea nini baadaye. Jina lake nililisoma mimi mwenyewe kwa sauti, na hadi leo sijui kama anajua kusoma.