Napolitano: wizara, Seneti, ao kubaki Arizona?

Desemba 2008, Barack Obama alimteua Janet Napolitano, gavana wa Arizona aliyependwa sana, kuwa waziri wa usalama wa ndani. Katika chama chake cha Democrat, wengine walinung'unika: nani sasa atapambana na John McCain kwa kiti cha Seneti mwaka 2010?

Kusema kweli, kiti hicho hakikuwa mkononi mwa mtu. McCain alikuwa ametoka kushindwa urais, lakini Arizona, nyumbani kwake, ilimpigia kura.

Hasara ilikuwa kwingine. Napolitano alibakiza miaka miwili ya muhula wake. Arizona haikuwa na makamu wa gavana, basi nafasi ikamwendea katibu wa jimbo, Jan Brewer, wa chama cha Republican. Aprili 2010, Brewer akatia saini sheria SB 1070, iliyoagiza polisi kuuliza makaratasi ya yeyote wanayemshuku kuwa mhamiaji asiye na kibali. Sisi wenye ndugu ugenini tunajua uzito wa ulizo hilo. Napolitano alikuwa amekataa kutia saini miswada mikali juu ya wahamiaji. Obama angeanza kwa kupima hilo, kabla ya hesabu za Seneti.