Gredi ya 9 Imehama, Maabara Imebaki

Wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi nchini Kenya walipoanza Gredi ya 7, Januari 2023, hawakwenda mbali. Jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilikuwa limependekeza wasomee ndani ya shule za msingi, karibu na nyumbani. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, hasa kwa mzazi asiyemudu karo ya bweni.

Kuna kitu kilisahauliwa, hata hivyo. Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, shule ya msingi ilikuwa na madarasa manane na ya upili manne. Sasa ya msingi inabeba gredi tisa, ya upili inabaki na tatu. Mwaka mzima wa masomo umevuka barabara, lakini maabara na mwalimu wa fizikia wamebaki ng'ambo.

Mji mdogo ndio unaoumia zaidi. Shule yenye mkondo mmoja hupewa walimu wachache, na mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili tu, ilhali sekondari msingi ina tisa. Serikali iliwaajiri kwa masharti ya kudumu walimu wanagenzi wapatao 46,000 mnamo 2025, hatua iliyostahili kuja mapema. Hata hivyo, aliyesomea Kiswahili na Historia bado hujikuta akifundisha Sayansi Jumuishi. Somo la asidi na besi linafanywa kwa siki na magadi katika kikombe cha plastiki, juu ya meza ya mwalimu. Walio mbele wanaona povu. Wa nyuma wanasimuliwa.

Mtoto huyo wa nyuma atafanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9, wenye asilimia 60 ya alama zinazoamua kama ataingia mkondo wa sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kumnyima maabara ni kumchagulia njia kabla hajaulizwa.

Si lazima kungoja majengo mapya. Gredi ya 9 inaweza kutumia maabara ya shule ya upili jirani alasiri moja kila wiki, kemikali zikinunuliwa kutoka mgao wa shilingi 15,042 wa kila mwanafunzi kwa mwaka, mradi fedha zifike kwa wakati. Tume ya Huduma kwa Walimu nayo imruhusu mwalimu wa fizikia kuhesabiwa katika shule zote mbili. Yaliyobaki ni wakuu wa shule hizo kuketi pamoja na kupanga ratiba kabla ya muhula kufunguliwa.