Mohenjo-daro: Jina la Mji au Jina la Magofu?

Imekuwa desturi kuelezwa kwamba Mohenjo-daro, mji wa kale ulioko Sindh nchini Pakistani, maana yake ni "Kilima cha Wafu", kana kwamba wakazi wake ndio waliouita hivyo. Dai hili halina mashiko. Jina hilo ni la Kisindhi, nao mji ulihamwa yapata mwaka 1900 K.K., kabla lugha hiyo haijakuwapo. Walioubandika jina waliona vilima vya matofali tu. Hata hicho Kisindhi chenyewe hakisomwi kwa namna moja, kwani wapo wanaokifasiri kuwa "Kilima cha Mohan".

Jina la awali huenda limo katika mihuri iliyofukuliwa huko tangu miaka ya 1920, lakini maandishi yake hayajafumbuliwa. Iravatham Mahadevan alipendekeza Kukkutarma, yaani mji wa jogoo. Pendekezo hilo lavutia (nasi tungependa liwe kweli), ila limesimama juu ya alama ambazo usomaji wake haujakubaliwa na wataalamu.

Suala hili si la msamiati pekee. Mortimer Wheeler alidai kuwa mifupa iliyopatikana mjini humo ni ya watu waliouawa na wavamizi. Mwaka 1964 George Dales alionyesha kwamba ushahidi hauungi mkono mauaji hayo. Hatusemi kuwa jina ndilo lililompotosha Wheeler. Twaamini, hata hivyo, kuwa tafsiri ya "wafu" imelipa dai lake umri mrefu kuliko lilivyostahili.